Kibali cha Sista Kanga

Mwaka 2012, Gairo ilipomegwa kutoka Kilosa na kuwa wilaya, wanyama wa milima ya Ukaguru nao wakadai ya kwao. Haiwezekani, walisema, wanadamu wapate mkurugenzi wa karibu na sisi tuendelee kushusha shida zetu Kilosa kwa miguu. Hoja ikapita. Wakapewa Mkurugenzi, Tembo, ambaye tangu siku hiyo yuko Dodoma kikaoni. Wakapewa Afisa Utumishi, Kobe. Wakapewa masijala yenye makabati mawili na mhuri wenye picha ya jogoo, kwa kuwa mpira wa fundi haukutosha kuchonga tembo. Dawa, waliambiwa, zitafuata.

Sheria hawakujisumbua kutunga. Walinakili Sheria ya Utumishi wa Umma ya wanadamu ya mwaka 2002 pamoja na kanuni zake zote, neno kwa neno, isipokuwa kurasa za posho, ambazo karani wao, Mchwa, alizipitia kwa makini kupita kiasi.

Huko juu, njia ya Nongwe, ambako asubuhi ya Juni huoni mkono wako kwa ukungu, wanyama wana zahanati ya vyumba vitatu. Ikama inasema wauguzi wawe wanne. Walikuwepo wawili, Sista Kanga na Bwana Nguchiro. Nikisema wawili nafuata daftari la mahudhurio. Mgonjwa angekwambia mmoja. Nguchiro alisaini saa moja na nusu asubuhi, akaenda kufuatilia jambo, na jambo lile halikuwahi kukamilika.

Mkuu wa kituo, yaani mganga mfawidhi, alikuwa Pimbi. Wazee husimulia kwamba siku mikia ilipogawiwa mvua ilinyesha, Pimbi akaona taabu kulowa, akawaagiza wenzake wamchukulie wake. Mpaka leo hana mkia. Yeye mwenyewe hakubaliani na simulizi hiyo. Husema aliridhia mkia wake upangiwe kazi kwingine kwa maslahi ya umma.

Mvua za Desemba zilipoanza, Chiriku alileta habari kutoka bondeni, upande wa Chakwale. Mama yake Kanga alikuwa amepooza ubavu wa kushoto. Bawa halikunyanyuka, na maji alikuwa akinyweshwa. Kanga alilia kidogo, akafuta macho, akakaa kufikiri kiuuguzi. Kule bondeni kulikuwa na kituo cha afya, nacho kilikuwa na mkunga mmoja tu, Bi Kwale, tangu mwenzake aende masomoni. Mfawidhi wa kule alishasema hadharani kwamba akipata muuguzi wa kuazima hata kwa miezi sita atampokea kwa ngoma. Basi Kanga aazimwe miezi sita. Mchana atahudumia kituo, jioni atamgeuza mama yake kitandani asipate vidonda. Serikali haitatoa senti ya nauli, maana miguu ni yake.

Akaandika barua. Aliiandika kwa mkono, kwenye karatasi yenye mistari, kila kitu mahali pake: anuani juu kulia, *kupitia kwa Mganga Mfawidhi*, kisha *Yah: Maombi ya kuazimwa kwa muda wa miezi sita, kuanzia 1 Januari hadi 30 Juni*. Akaanza na "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu", kwa sababu bila sentensi hiyo masijala huwa hawajui pa kuanzia. Akamaliza na "Wako katika ujenzi wa taifa".

Alimkuta Pimbi juu ya jiwe lake, anaota jua.

"Shikamoo, Mganga."

"Marahaba, Sista. Kuna mgonjwa?"

"Hakuna, Mganga. Nina shida yangu."

Pimbi akageuka, ubavu wa pili nao upate jua, akaisoma barua. Aliisoma kwa muda mrefu hata Kanga akaanza kutumaini.

"Pole sana na mama," alisema. "Pole kweli. Lakini Sista, zahanati hii ni wewe."

"Ahsante, Mganga."

"Nasema kutoka moyoni. Chanjo ni wewe, kliniki ya wajawazito ni wewe, usiku wakigonga ni wewe. Hata ripoti za mwezi, mimi nasaini tu."

"Basi kama ni hivyo, Mganga, naomba unisaidie."

"Ndiyo maana siwezi. Nikikuachia, nani atabaki?"

"Bwana Nguchiro yupo."

Pimbi alicheka mpaka akakohoa. Alipopata pumzi akamweleza habari aliyoisikia redioni, kwamba Shirika la Afya Duniani liliripoti mwaka 2020 kuwa dunia inapungukiwa wauguzi milioni 5.9. "Milioni tano na laki tisa, Sista! Na wewe unataka nipungukiwe na mmoja zaidi?"

Kanga akakumbusha, kwa adabu, kwamba Mganga alipokwenda semina Morogoro akaunganisha na likizo, akakaa miezi mitatu, zahanati haikufungwa. Pimbi alisema semina ni jambo la ofisi. Halafu akalainika, kama wakubwa wanavyolainika wakishajua hawatatoa kitu, akasema hamkatalii. "Mimi sijakataa. Andika kwamba sijakataa. Lete mbadala, na upeleke ombi kwa utaratibu."

Utaratibu alikuwa nao Kobe. Kanga aliteremka mpaka ofisini akamkuta kichwa kiko nje, bahati ya pekee, maana saa tisa na nusu ikigonga Kobe huingiza kichwa na ofisi inakuwa imefungwa, hata kama mteja ameshafika katikati ya sentensi. Kobe aliipokea barua, akaipima uzito, akairudisha. Siku hizi hawapokei karatasi. Wanadamu huombea uhamisho kwenye mfumo wa mtandaoni wa ESS, na wanyama wasingekubali kuachwa nyuma. Aingie kwenye mfumo, ajaze, ombi litakwenda lenyewe kwa msimamizi wake, kisha kwake Kobe, kisha kwa Mkurugenzi.

Kwa aliyewahi kufika milima ile sina haja ya kueleza mtandao ukoje. Unapatikana mahali pamoja tu, juu ya jiwe la Pimbi. Kwa hiyo Kanga alipaswa kuomba ruhusa ya kupanda mahali pa kuombea ruhusa. Aliipata ruhusa hiyo siku ya mawingu, wakati mwenye jiwe halihitaji, akasimama kwa ncha za kucha, simu juu, mpaka maandishi yakatokea: *Ombi lako linasubiri hatua ya msimamizi wako.* Msimamizi wake alikuwa hatua nne kutoka pale, ndani, amelala. Alikuwa amesahau nywila tangu mwaka jana.

Mbadala alipatikana upesi kuliko alivyodhani. Kule Rubeho kulikuwa na muuguzi, Hondohondo, ambaye mkewe alikuwa kwenye tundu la mti nyuma kabisa ya zahanati ya Kanga. Wenye kuwajua hondohondo wanajua desturi yao: jike huingia tunduni kuatamia, mlango ukazibwa kwa udongo, ukabaki ufa wa kupitishia chakula, na mume ndiye anayeleta. Huyu alikuwa akitoka zamu Rubeho, anaokota matunda, anavuka mabonde, analisha familia kupitia ufa, anarudi kazini kabla ya alfajiri. Alikuwa amekonda. Ombi la kufuata mwenza alilipeleka zamani. Walipokutana na Kanga walikubaliana pale pale: yeye apande huku, Kanga ateremke bondeni, na Rubeho wenye wauguzi watano wabaki na wanne. Hesabu ilikuwa safi kuliko maji ya kisima chochote cha Gairo.

Mfawidhi wa Rubeho akajibu kwa maandishi. Barua ilisema Hondohondo ndiye mhimili wa kituo, na kwamba endapo ataachiwa, nani atabaki? Kanga aliisoma akaona ni ile ile ambayo Pimbi, yule aliyekuwa hajakataa, alimletea wiki iliyotangulia. Hata neno "utumishi" lilikuwa limekosewa mahali pale pale. Wakubwa wetu wanaazimana barua. Wauguzi ndio hawaazimiki.

Wiki hiyo hiyo Nguchiro alihamishwa.

Hakuwa hata ameomba kwa mfumo. Alimwambia Pimbi kwa mdomo kwamba hali ya hewa ya juu haimfai, angependa Gairo mjini, karibu na barabara kuu, ambako mabasi ya Dodoma husimama na mifupa ya nyama choma hutupwa. Pimbi alipata nywila siku hiyo. Aliandika pia barua ya kumsifu, mchapakazi, mwadilifu, hodari wa kufuatilia mambo, na Kobe akaongeza saini kabla wino wa kwanza haujakauka. Siku ya tatu Nguchiro alikuwa keshaaga.

Kanga alikwenda kumwona Sungura. Sungura ndiye msukuma mafaili wa milima hii. Hana cheo, lakini kila karani anamwamkia. Kwa kawaida huomba hela ya maji. Siku ile, alipomwona Kanga amevimba macho, aliomba mahindi mawili ya kuchoma tu, akayala yote kabla ya kusema neno.

"Sista, mwenye kosa ni wewe," alisema. "Unafanya kazi. Mfanyakazi mbaya kila bosi anatamani kumpa jirani, kwa hiyo kibali chake kiko tayari kabla hajaomba. Wewe nani atakutoa? Ukitaka uhamisho, haribu. Wiki mbili tu. Chelewa, jibu wagonjwa vibaya, usiku wakigonga usifungue. Utasikia wenyewe wanakwambia uende ukapumzike kwa mama."

Ushauri ule ulikuwa wa kweli, na naupinga hadi leo kwa kuwa ulikuwa wa kweli.

Kanga alijaribu. Usiku ule akajifunika, akaamua hatasikia. Saa nane pakagongwa. Hakusikia. Pakagongwa tena, na safari hii nyuma ya hodi kulikuwa na ile sauti ya chini, fupi, ambayo mkunga huijua hata akiwa usingizini. Alikuwa Digidigi, mimba ya kwanza, chupa imeshapasuka njiani. Kanga aliwasha taa ya simu akaibana mdomoni, maana umeme wa jua ulikuwa umekwisha tangu saa tatu, akafanya kazi hivyo hivyo, mate yakimchuruzika kwenye kioo, akimwelekeza mama yule kwa kutikisa kichwa, mwanga nao ukitikisika ukutani. Mtoto alitoka miguu mbele. Alfajiri wote wawili walikuwa wamelala na Kanga alikuwa akiosha vifaa. Mpango wa Sungura ulidumu kwa hodi moja.

Hapo mjomba aliingilia kati. Kwa Wakaguru ukoo hufuata mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Mwanaanthropolojia T. O. Beidelman, aliyeishi Ukaguru mwishoni mwa miaka ya 1950, alichapisha mwaka 1961 makala nzima juu ya Fisi na Sungura wa hekaya za huku, akionyesha kuwa mikasa yao imejaa mambo ya mjomba na mpwa. Wanyama wetu hawakuisoma makala, lakini waliishi humo. Mjomba wa Kanga alipanda mlima na fimbo yake, akamsikiliza Pimbi akieleza ikama, akamsikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja.

"Mgonjwa naye anahitaji kibali kuhama?"

"Hapana, mzee. Mgonjwa yuko huru."

Basi wakamhamisha mama. Walimbeba kwenye machela ya mianzi, wapwa wanne, siku mbili njiani, wakamfikisha Machi, mwezi wa matope. Bibi kizee wa bondeni, mwenye kuzoea joto, alilazwa kwenye nyumba ya muuguzi yenye upepo kila upande. Kanga alipata kumgeuza jioni. Pimbi naye alipata kitu: katika ripoti ya robo mwaka aliandika kwamba imani ya wananchi kwa zahanati imeongezeka, na sasa wagonjwa wanatoka hadi maeneo ya mbali ya bondeni kufuata huduma.

Mwezi wa Mei kivuli cha tai kilipita juu ya jiwe. Pimbi, kama pimbi wote, aliruka bila kuangalia, akavunjika mguu. Zahanati haina uwezo wa mifupa, Kanga akamfunga gango, akamwandikia rufaa, ngedere wakamteremsha bondeni. Kule alikuta foleni imetoka mlangoni ikazunguka mwembe. Alilala chini kivulini tangu asubuhi mpaka jua lilipoanza kushuka ndipo Bi Kwale akamfikia, peke yake, mikono imechoka.

"Hivi wauguzi wako wapi?" Pimbi alifoka.

"Samahani, mzee wangu. Kuna mmoja tuliomba tuazimwe tangu Desemba. Tunaambiwa kuna mganga mfawidhi huko mlimani hajaidhinisha. Wewe si unatoka huko? Unamfahamu?"

Pimbi alisema amewahi kumsikia.

Nimpe haki yake: alitaka kusaini pale pale. Aliomba kalamu. Lakini Kobe, alipoulizwa, alisema aliye kwenye likizo ya ugonjwa hasaini nyaraka za serikali, atasaini kaimu. Na kaimu, kwa kuwa Nguchiro alishahama na hakuna muuguzi mwingine, alikuwa Kanga. Naye mtumishi hawezi kuidhinisha ombi lake mwenyewe. Hiyo ni sahihi kabisa, na sioni pa kumlaumu Kobe, jambo linaloniudhi.

Kanga akakalia kiti cha Pimbi. Siku ya kwanza alifungua kabati kutafuta karatasi, akakuta jalada jembamba lenye nakala za barua. Pimbi alikuwa ameomba wauguzi wawili zaidi. Aliomba mara ya kwanza, akakumbusha, akakumbusha tena, na barua ya mwisho ilikuwa na maneno makali ambayo Kanga hakujua kama bosi wake anayo. Majibu hayakuwamo.

Siku ya pili Panya Buku, mtu wa maabara, alibisha hodi. Ndugu zake wako Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine, kwenye kazi maarufu ya shirika la APOPO ya kunusa makohozi ili kubaini kifua kikuu, na walikuwa tayari kumfundisha. Aliomba mwezi mmoja tu.

"Nikikuachia," alisema Kanga, "nani atabaki?"

Alijisikia akisema. Panya Buku hakushangaa, alikuwa amekwisha kugeuka kurudi maabara. Kanga akamwita, akagonga mhuri wa jogoo, akamwambia aende. Nisifiche lililofuata: mwezi mzima zahanati haikuwa na kipimo, na wagonjwa waliokohoa walilazimika kushuka bondeni kwenye ile foleni ya mwembe. Msimuliaji mwingine angeliruka hili. Pengo la mtumishi ni la kweli, awe ameruhusiwa na mwema au na mbaya. Ila aliyeachia alijua anachokitoa, na aliyekwenda alirudi na ujuzi siku aliyoahidi.

Pimbi alirejea mwishoni mwa Juni, anachechemea. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuomba nywila mpya. Akabonyeza *Nakubali*. Kobe, alipoona bosi mwenyewe amebonyeza, naye akabonyeza, kwa mwendo wake. Tembo alipata nafasi kati ya kikao na kikao.

Kibali kilifika Julai, kimechapwa vizuri, kikiwa na jogoo wawili kwa msisitizo. Kilisema Sista Kanga ameruhusiwa kuazimwa katika kituo cha bondeni kuanzia 1 Januari hadi 30 Juni, kwa gharama zake mwenyewe, na kwamba kipindi hicho kikiisha anaelekezwa kuripoti mara moja katika kituo chake cha awali bila kukosa. Kanga, aliyekuwa kituoni hapo akimlisha mama yake uji, alisaini kupokea. Wiki iliyofuata ilikuja barua ya pili ikimtaka aeleze kwa maandishi, ndani ya siku kumi na nne, kwa nini hakuripoti bondeni tarehe 1 Januari.

Hondohondo hakujibiwa. Watoto wake wametoka tunduni, wanaruka wenyewe. Nguchiro amepandishwa daraja.

Nafasi ya muuguzi bondeni bado iko wazi. Mwenye sifa na atume maombi. Barua ipitie kwa mwajiri wake.